Kiinimacho mezani: Haramu ni mkono au ni dai?



Kuna swali niliulizwa na kijana mmoja niliyepata kumfundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika sekondari moja hapa jijini Dar es Salaam. Nililijibu kwa muda usiozidi dakika moja, nikaona nimemaliza. Baadaye niligundua kuwa jibu lile la haraka lilikaribia kumpeleka mtoto wa watu pabaya zaidi kuliko pale nilipomkataza. Leo nimeona nilirudie swali hilo hadharani, kwa sababu naamini si la kijana yule peke yake.

Kijana huyu tangu akiwa kidato cha pili alikuwa na mikono myepesi. Alikuwa akishika sarafu mbele ya macho yako, anafumba kiganja, anafumbua, haipo. Kisha anaitoa nyuma ya sikio la mwenzake. Darasa zima linacheka, na mimi mwalimu nikigeukia ubao nacheka pia. Alipomaliza kidato cha nne matokeo hayakuwa mazuri, na nyumbani yupo mama mjane na wadogo zake watatu. Siku moja baada ya swala ya Alasiri akanifuata msikitini akiwa na daftari.

Ndani ya daftari ameorodhesha migahawa. Alikuwa ametembea kwa miguu Kariakoo, Upanga, Posta mpaka Mikocheni, akiangalia mahali gani wanaweza kumwajiri awe anapita meza kwa meza akiwachezea wateja mazingaombwe. Hoteli ambazo chakula kimeshapikwa, mtu anakula kwa dakika kumi na kuondoka, alizikata kwa mstari. Zile ambazo mteja anaagiza kisha anasubiri nusu saa samaki achomwe, watoto wanalia na baba anatazama simu, aliziwekea alama ya vema. Aliandika hata siku ambazo meza zinakaa tupu, akisema meneja wa siku hizo ndiye atakayemsikiliza. Kwa hakika alikuwa amefanya utafiti ambao wengi wetu tuliotoka chuo kikuu hatukuufanya kabla ya kutafuta kazi.

Swali lake lilikuwa fupi: "Ustadh, kabla sijaanza nataka nijue. Pesa hii ni halali?"

Nikamjibu kuwa sihiri ni haramu, tena ni katika madhambi saba yenye kuangamiza aliyoyataja Mtume (s.a.w). Nikamwambia aache. Akafunga daftari lake, akasema, "Sawa Ustadh," akanipa mkono, akaondoka.

Miezi kadhaa baadaye alirudi. Akaniambia kuna mganga mmoja pembezoni mwa jiji amesikia habari za mikono yake na anamtaka kazini. Mganga huyo anavaa kanzu, ana tasbihi ndefu, na kuta za chumba chake zimejaa aya. Kazi ni "kutoa vitu". Mgonjwa analala mkekani, analalamika tumbo, mganga anasoma, msaidizi anasugua, mara mkono unatoka na msumari, au sindano iliyozungushiwa nywele na uzi mweusi. Hapo mgonjwa anauliza: nani kaniwekea? Na jina linatajwa. Jirani. Shangazi. Mke mwenza.

Kijana akanitazama usoni, akasema: "Ustadh, uliniambia kutoa sarafu sikioni ni sihiri. Huyu ananiambia kutoa msumari tumboni ni tiba ya Kisunna. Mkono ni huu huu mmoja. Nishike lipi?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe wiki moja, na nikamsihi kwa jina la Allah (s.w) asiende kwa mganga kabla hatujaonana.

Jambo la kwanza nililoliona katika wiki ile ni kwamba lugha yetu ilikuwa imeshanisaidia, ila mimi sikuisikiliza. Kiingereza huweza kutumia neno moja kwa mchawi na kwa mchezaji wa karata jukwaani. Kiswahili kina uchawi, na kina kiinimacho na mazingaombwe. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walijua kuwa mtu anayedai kumdhuru mwenzake kwa nguvu za siri, na mtu anayechezea macho yako ili ucheke, si mtu mmoja.

Jambo la pili ni Qur'an yenyewe. Kisa cha wachawi wa Firauni tunakisoma kila mara, lakini tukitafakari tutaona mambo mawili ambayo huwa tunayapita. La kwanza, katika Suratul-A'araf, kitu cha mwanzo ambacho mabwana wale walimuuliza Firauni ni ujira. Naam, waliuliza malipo, kama kijana wangu! La pili, Allah (s.w) anatueleza kuwa waliyasihiri macho ya watu, na katika Suratu Twaha kwamba kamba na fimbo zao zilionekana kana kwamba zinakwenda mbio. Kumbe zilibaki kamba na fimbo. Kilichochezewa ni macho. Sasa kosa lao lilikuwa nini? Waliitumia kazi hiyo kumsimamisha dhalimu aliyedai uungu, na kumpinga Mtume wa haki. Na ajabu ni kwamba watu wa kwanza kuanguka kusujudu siku ile walikuwa mafundi wale wale. Kwa nini? Kwa sababu fundi anajua ufundi unaishia wapi. Watazamaji wanaweza kuchanganya mchezo na muujiza, lakini mwenye kamba mkononi hachanganyi.

Ama kuhusu kauli za maulamaa, sitaki kumdanganya msomaji kwamba jambo hili ni jepesi. Imam Fakhruddin Ar-Razi, ambaye maneno yake Ibn Kathir ameyanukuu katika tafsiri ya aya ya 102 ya Suratul-Baqara, ameigawa sihiri mafungu manane, na wepesi wa mikono ameuweka humo. Lakini katika mafungu hayo hayo ameiweka pia fitina ya kuchonganisha watu, kwa sababu neno sihiri katika lugha ya Kiarabu linabeba kila kitu ambacho sababu yake imejificha. Hivyo kuingia katika jina si lazima kuwe ni kuingia katika hukumu moja. Imam Nawawi naye, katika utangulizi wa Al-Majmuu', ameitaja sha'badha, yaani mazingaombwe, miongoni mwa elimu zilizoharamishwa, pamoja na falsafa na unajimu. Sisi watu wa pwani ni Mashafii, na kauli ya Nawawi kwetu ni nzito. Anayeiacha kazi hii kwa kauli hiyo amechukua tahadhari katika dini yake, na sina la kumwambia ila kumuombea heri.

Hata hivyo, ni haki kuuliza: wenye sha'badha wa zama zile walikuwa wakifanya nini? Katika karne ya 13 Miladia aliishi mtu wa Damascus aitwaye Al-Jawbari, akaandika kitabu kizima cha kufichua hila zao. Ukisoma habari zake utakuta watu waliojidai utume, mashekhe bandia waliojidai karama, ombaomba waliojitengenezea vidonda, na waliodai kugeuza madini kuwa dhahabu. Hao hawakuwa wakiwachekesha watu wanaosubiri samaki. Walikuwa wakiwaibia watu mali na imani.

Na mchezo huu umetumika kutuumiza Waislamu pia. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria mwanamazingaombwe wake mashuhuri, Robert-Houdin, ili awaonyeshe Waarabu kuwa Wafaransa wana nguvu kuliko mamurabiti wao. Alikuwa na kasha dogo ambalo mtoto anaweza kulinyanyua. Akamwita mwanamume mwenye nguvu, akamwambia amemnyang'anya nguvu zake, na yule bwana akashindwa kabisa kulisogeza. Siri ilikuwa sumaku ya umeme iliyofichwa chini. Fikiria: taifa lenye bunduki liliona haja ya kutuma mtu wa kiinimacho kutawala nyoyo.

Lakini upo upande wa pili. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alitoa kitabu akieleza waziwazi namna wachezaji wa mazingaombwe wanavyofanya hila zao. Shabaha yake ilikuwa kuonyesha kuwa mengi yanayoitwa uchawi ni mikono tu, na kwamba vikongwe wanaouawa kwa tuhuma hizo wanadhulumiwa. Je, hili haliihusu Tanzania? Nchi ambayo ajuza wa Usukumani wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa kuni? Nchi ambayo ndugu zetu wenye ualbino walikatwa viungo mpaka Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mwaka 2009, akatangaza kuwafutia leseni waganga wa kienyeji? Msumari ule "unaotoka" tumboni na jina la shangazi linalofuata baada yake, ndiyo mbegu ya panga.

Ndipo nikakumbuka hadithi mashuhuri ya mwenye kuuza nafaka. Mtume (s.a.w) aliingiza mkono ndani ya fungu la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu watu wakaiona, kisha akamkana kila mwenye kughushi. Angalia vizuri. Mvua haikuwa kosa la yule bwana. Kosa lilikuwa kuificha kwa mnunuzi ambaye ana haki ya kujua anachonunua.

Hapa ndipo nilipopata mizani yangu. Mtu aliyeketi mgahawani akiambiwa, "Mimi si mchawi, ni wepesi wa mikono tu, niangalieni kama mtanikamata," ameshaonyeshwa unyevu. Anajua anachezewa, na amekubali. Akishindwa kuona, anacheka na kuula samaki wake. Wacheza karata tatu wa vituo vya mabasi wana mikono ile ile, lakini wanakuambia ni bahati yako, kisha wanaondoka na nauli yako. Mganga naye ana mikono ile ile, lakini anakuambia ni Qur'an, kisha anaondoka na pesa yako, na udugu wako, na tauhidi yako. Mkono ni mmoja, dai ndilo tofauti.

Mzaha wenyewe una mpaka. Mtume (s.a.w) alifanya mzaha, ila hakusema ila kweli. Mtu alipomwomba mnyama wa kupanda, alimwambia atampa mtoto wa ngamia. Yule bwana akashangaa, atampandaje ndama? Akakumbushwa kuwa kila ngamia ni mtoto wa ngamia. Akili iliteleza kidogo kisha ikarudi kwenye kweli. Na huyo huyo Mtume amemuonya mwenye kusema uongo ili awachekeshe watu. Kwa hiyo nilimwambia kijana: usiseme "sarafu imetoweka", sema "hamuioni". Usitie maneno yanayofanana na dua wala jina la jini. Usiweke dau hata la soda, maana hapo umeingia kamari. Na mtoto akikuuliza kama una majini, usimuache aondoke bila jibu.

Alipokuja baada ya wiki, jambo la kwanza nilimwomba radhi. Kisha nikamweleza haya yote, pamoja na kauli ya Imam Nawawi, ili achague akiwa anajua. Kwa mganga nikamwambia asiende hata kama hana unga ndani. Akaniambia alikuwa ameshakataa. Alitaka tu kusikia nitasema nini. Niliona haya.

Tukakaa na daftari lake upya. Safari hii tulikata sehemu zote zinazouza pombe, kwani Mtume (s.a.w) amekataza kuketi kwenye meza inayozungushwa ulevi. Kurasa mbili zikabaki majina tisa. Nilidhani atakata tamaa. Yeye akasema, "Ustadh, tisa ni nyingi kwa mtu mmoja." Saba walimkataa, mmoja alimwambia arudi, na mmoja amempa Jumapili mchana, malipo kidogo na bakshishi ya wateja. Si utajiri, lakini mama anapika.

Mimi si mufti, na atakayeniletea dalili yenye nguvu zaidi nitaifuata. Ninachojua ni kuwa sisi walimu wa dini ni wepesi wa kumkataza kijana anayetuuliza, na tunamuacha mwenye kanzu asiyeuliza mtu. Yule wa sarafu tulimfukuza kwa dakika moja. Huyu wa misumari tunampisha safu ya mbele.

Wallahu a'alam.