Asili na Maji ya Baridi

Wahenga wameacha semi mbili ambazo hazipatani kwa wepesi. Ya kwanza yanena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Ya pili yaagiza kwamba ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Mtu aliyelelewa na bahari ya uvuguvugu, kisha akahamia pwani ya baridi, aifuate ipi?

Suali hili liliwafika ndugu watatu wa nyumba ya kifalme ya Hawaii, Jonah Kuhio Kalanianaole, David Kawananakoa na Edward Keliiahonui. Mwaka 1885 walikuwa wanafunzi California. Mwezi wa Julai waliingia baharini pale Santa Cruz kwa mbao ndefu, wakacheza mchezo wa kwao uitwao he'e nalu, yaani kuteleza juu ya wimbi. Edward alifariki mwaka 1887. Mwaka 1890 nduguze wawili walikuwa Uingereza, na mwezi wa Septemba wakateleza tena huko Bridlington, katika Bahari ya Kaskazini. Kuhio aliandika katika barua kwamba upepo mkali uliwafurahisha, kwani bahari ikichafuka ndipo mawimbi hupatikana.

Maji ya Hawaii hayako mbali na ya Unguja kwa uvuguvugu wake. Ya Bridlington, hata mwisho wa kiangazi, ni kiasi cha digrii 14. Maji huchukua joto la mwili kwa kasi ipatayo mara 25 ya ile ya hewa. Dakika ya kwanza pumzi hukatika bila ya hiari. Baadaye vidole hufa ganzi, na mkono usioweza kuushika ubao haufaidiki na ustadi wowote. Wala vijana wale hawakuwa na vazi la mpira la kukinga baridi, kwani Hugh Bradner, mwanafizikia wa California, alilibuni mnamo 1952.

Je, walichokicheza kilikuwa bado cha kwao? Bahari siyo ile, na hata ubao siyo ule. Kwao mbao zilichongwa kwa mti wa koa au mshelisheli. Santa Cruz zilitokana na mti mwekundu uotao huko. Mwenye kushikilia mahali atasema kuwa mila iliyong'olewa katika maji yake imegeuka tamasha la kushangaza wapita njia. Hoja hiyo ina uzito, kwani watu wa Bridlington walishangaa kweli. Lakini miaka ile ile, kule Hawaii kwenyewe, mchezo huu ulikuwa umefifia. Maradhi yaliyoletwa na wageni yalikuwa yameua watu wengi, na wamisionari, waliowasili kuanzia 1820, waliukemea. Bahari ilibaki na uvuguvugu wake, wala haikuuokoa. Mila hulindwa na watu wanaoifanya na kuifunza. Naye John Wrightson, mwalimu wa wale vijana huko Uingereza, aliingia majini akawa mwanafunzi wao. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wapo wanaoutamka ule usemi wa pili kwa neno jingine: fumba lako jicho. Tofauti hiyo si ndogo. Jicho lililofumbwa hufumbuliwa, lililovunjwa halirudi. Anayebadili ubao, au anayevaa vazi la mpira, amefumba. Anayeona haya kwa kile akijuacho, akawaficha wanawe wasije wakachekwa ugenini, huyo amevunja, japo kila siku aimbe sifa za kwao.

Mwaka 1893 ufalme wa Hawaii ulipinduliwa, na ndugu wale wakakosa kiti cha enzi. Ujuzi wa kulisoma wimbi haukuhitaji kiti. Kwa Mswahili aliyehamia London au Toronto hapo pana la kuzingatia: mtoto aliyezaliwa baridini hana haja ya kuletewa bahari ya Unguja. Ana haja ya mkubwa atakayetangulia kuingia majini, atetemeke, kisha amwite.