Ndugu, Daftari Liko Wapi?

Kuna swali ambalo hunifikia mara kwa mara baada ya ibada, tena kwa sauti ya chini: "Pasta, nikimuuliza kaka yangu hesabu ya mali aliyoacha baba, si nitakuwa nimemvunjia heshima?" Nyuma ya swali hilo kuna lingine zito zaidi. Je, moyo safi unatosha kwa mtu anayeshika mali ya wengine?

Hebu tuchukue mfano. Tuseme baba na mama wameshatangulia, na wameacha vyumba 8 vya kupangisha huko Rongai, kila kimoja Sh5,000 kwa mwezi. Hiyo ni Sh40,000 kwa mwezi, Sh480,000 kwa mwaka. Kifungua mimba ndiye aliyepewa na mahakama hati ya kusimamia mirathi. Miaka 5 imepita, wapangaji wamelipa Sh2,400,000. Kaka huyu hanywi, hachezi kamari. Amekarabati paa, amelipa karo ya kitinda mimba, amemaliza deni la hospitali, amepanda matatu kwenda mahakamani hadi amechoka. Lakini ukikaa naye na karatasi na kalamu, anakumbuka matumizi ya kama Sh1,400,000. Ile milioni nyingine? "Ni mambo mengi tu, si mnajua vile maisha iko."

Ameiba? Labda hajachukua hata shilingi moja. Na shida iko hapo hapo: hakuna anayeweza kujua, hata yeye mwenyewe.

Wengi hudhani hati ya mahakama inamfanya mtu kuwa mwenye mali. Ni kweli, benki italitambua jina lake, na wapangaji watamlipa yeye. Lakini Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ambayo imetumika tangu 1981, inamfunga mikono. Kifungu cha 83 kinamtaka, ndani ya miezi 6 tangu kupewa hati, aipe mahakama orodha kamili ya mali na madeni pamoja na hesabu ya kila alichofanya. Hati ikishathibitishwa, ana miezi 6 mingine ya kukamilisha kazi. Gharama za mahakama na gharama nyingine za haki anaweza kuzitoa kwenye mali hiyo, kwa hiyo atunze risiti. Mshahara wa kuwa kifungua mimba haumo. Na yule anayeanza kukusanya kodi ama kuuza ng'ombe wa marehemu bila idhini yoyote ya sheria, huyo anatenda kosa la jinai chini ya kifungu cha 45, hata kama ni mtoto wa damu.

Sasa mtu ataniambia, "Pasta, hayo ni mambo ya mawakili. Mungu anaujua moyo wangu." Sawa, anaujua. Lakini msome Paulo katika 2 Wakorintho 8, alipokuwa akipeleka mchango kwa watakatifu. Kama kuna mtu ambaye angeaminiwa na bahasha peke yake, ni Paulo. Hakukubali. Alitaka aandamane na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu yeyote asipate la kumlaumu, na akasema wazi kwamba anajali lililo sawa mbele za Mungu na mbele za watu pia. Inafurahisha kwamba sheria yetu ina wazo hilo hilo. Marehemu akiwa hakuacha wosia na ameacha watoto wadogo, mali ikawa ni ya kuwashikia hadi wakue, hati haipewi mtu mmoja peke yake, isipokuwa ni Mdhamini wa Umma au shirika la udhamini. Wanatakiwa wawili, hata kama mmoja ni mtakatifu kiasi gani.

Kwa hiyo dada yangu, uliza. Ukiambiwa, "Wewe umeolewa, unauliza kama nani?", jua kwamba mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa huko Eldoret ilikataa kabisa hoja kwamba binti apewe kidogo kwa sababu huenda ataolewa. Na kabla ya Eldoret kulikuwa na mabinti wa Selofehadi, katika kitabu cha Hesabu sura ya 27 (jina la kitabu lenyewe linafaa somo hili). Walisimama mbele ya Musa, kuhani na mkutano wote, wakaulizia urithi wa baba yao. Musa hakuwaambia hawana adabu. Alipeleka neno lao kwa Mungu, na Mungu akasema wana haki.

Na sisi warithi tusijifanye malaika. Madeni na gharama za mazishi hulipwa kwanza, ndipo kugawana kufuate. Kama mama bado yuko hai na hakuna wosia, ana haki ya kuitumia mali hiyo maisha yake yote, na si vizuri kumhesabia miaka. Hesabu ziulizwe kwenye kikao cha familia, si kwa matusi ya simu saa nne usiku.

Turudi kwa ile milioni. Mimi naona ni deni mpaka ionyeshwe ilikokwenda. Kaka awaite wadogo zake wote, akiwemo yule aliye mbali, aweke mezani risiti alizo nazo na aseme wazi ni kiasi gani hawezi kukieleza. Wanaweza kukubaliana kikatwe kwenye fungu lake siku ya kugawa. Na wakitaka kumsamehe, wamsamehe wakiwa wanakijua kiasi chenyewe.