Viungo Wawili, Mizani Moja

Kulinganisha viungo wawili wa mpira wa miguu ni kuuliza kama uwezo wa aina tofauti unaweza kupimwa kwa kipimo kimoja hadi ijulikane nani bora. Swali hilo hurudi kila dirisha la usajili linapofunguliwa. Tetesi husema klabu inamtaka huyu na ikimkosa itamgeukia yule, nao mashabiki huanza kubishana kama yule anamfikia huyu. Wanafalsafa wamelijadili swali lile lile kwa karne nyingi bila kutaja mpira, kwa kuwa humkabili kila mtu anayechagua kati ya kazi mbili za maisha, au kati ya haki na huruma pale ambapo zote mbili haziwezi kutimizwa pamoja.

Kiungo hulidhihirisha swali hili kuliko mchezaji mwingine yeyote. Kipa hupimwa kwa michomo aliyookoa na mshambuliaji kwa mabao aliyofunga, ingawa hata hapo hukumu huwa na mapungufu. Kiungo hukaba, hunyang'anya mipira, hupoza mchezo unapochemka, huufungua kwa pasi ndefu, huingia boksi kufunga. Tena huziba nafasi ambayo mpinzani angeitumia, na kazi hii ikifanywa vizuri hakuna kinachotokea, kwa hiyo hakuna cha kuandikwa.

Jibu moja kongwe ni kwamba ubora hufuata kazi. Aristotle alifundisha kuwa kitu huwa chema kinapotimiza vizuri kazi iliyo yake, na mpiga zumari ni mmoja wa mifano yake. Katika kitabu chake cha siasa alikataa pia wazo kwamba kila sifa inaweza kushindanishwa na nyingine yoyote: kama urefu wa mwili ungeweza kushindana na mali, basi kila jema lingepimana na kila jema, na hilo aliliona kuwa haliwezekani. Kwa mtazamo huo, anayeuliza nani bora kati ya viungo wawili kabla ya kutaja kazi ameuliza nusu ya swali. Namba sita huwalinda mabeki na kuanzisha mashambulizi. Namba nane hukimbia kutoka boksi moja hadi jingine. Namba kumi hucheza nyuma ya mshambuliaji akitafuta pasi ya mwisho. Wote huitwa viungo, lakini mwenye pengo la namba sita hasaidiwi na ubora wa namba kumi.

Real Madrid ilitoa mfano wa wazi mwaka 2003, ilipomsajili David Beckham kutoka Manchester United na kumwachia Claude Makélélé aende Chelsea. Kwa umaarufu, krosi na mipira ya adhabu, Makélélé hakumkaribia Beckham. Ila alikuwa akifanya kazi ambayo hakuna nyota aliyebaki aliyeumbwa kuifanya. Real Madrid, mabingwa wa Hispania msimu ule, hawakutwaa tena ligi yao hadi 2007. Chelsea walitwaa ya Uingereza mwaka 2005 na 2006. Uhamisho mmoja haustahili kubebeshwa lawama yote, maana kocha Vicente del Bosque naye aliondoka mwaka huo huo. Hata hivyo kosa la kifikra halijifichi: uwezo ulionunuliwa haukuwa wa kazi iliyoachwa wazi.

Kutaja kazi, pamoja na hayo, hakumalizi mjadala, kwa sababu kazi ya kiungo haisimami peke yake. Kisa cha Steven Gerrard na Frank Lampard kinafundisha jambo hili vizuri kuliko kingine. Katika kura za Ballon d'Or za mwaka 2005 Lampard alikuwa wa pili na Gerrard wa tatu, nyuma ya Ronaldinho. Lampard alikuwa ametwaa ligi na Chelsea. Gerrard alikuwa nahodha wa Liverpool iliyokuwa nyuma kwa mabao 3 mjini Istanbul, ikasawazisha, kisha ikaishinda AC Milan kwa penalti na kubeba kombe la Ulaya. Julai ya mwaka huo Gerrard aliomba kuondoka huku Chelsea wakimtaka, halafu akabadili uamuzi na kubaki. Tetesi zile zilirutubisha swali lililodumu miaka mingi: nani zaidi ya mwenziwe?

Chini ya swali hilo kulikuwa na dhana kwamba ubora ni kitu ambacho mchezaji hutembea nacho mfukoni, hivyo wawili wakiwekwa pamoja ubora wao hujumlishwa. Timu ya taifa ya Uingereza iliijaribu dhana hiyo, na jibu halikuwa la kupendeza. Chelsea, Lampard alikuwa na ruhusa ya kupanda na kufunga kwa kuwa Makélélé alibaki nyuma yake. Liverpool, Gerrard alikuwa na Dietmar Hamann na Xabi Alonso wa kushika katikati. Katika timu ya taifa, iliyopenda kupanga viungo wanne kwenye mstari mmoja, kila mmoja wao alitakiwa abaki ili mwenzake apande, na kubaki hakukuwa kipaji cha yeyote kati yao. Katika Euro 2004 Paul Scholes, naye kiungo wa hali ya juu, alisogezwa kushoto ili wawili hao wapate nafasi. Baada ya mashindano akastaafu timu ya taifa. Kwenye Euro 2008 Uingereza haikufuzu kabisa. Gerrard na Lampard walibaki wachezaji wale wale waliotikisa Ulaya na klabu zao. Kilichokosekana ni watu na mpangilio ambao uwezo wao uliutegemea, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ubora wa kiungo ni uhusiano. Pasi ya kupenya haipo bila mwenye mbio za kuifuata.

Inabaki hali ngumu zaidi: viungo wawili wenye kazi moja, katika ligi moja, na bado ulinganisho haukamiliki. Mashabiki wa Tanzania waliishi hali hiyo katikati ya mwaka 2024, Clatous Chama wa Zambia alipotoka Simba kwenda Yanga, alikokuwa Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso. Chama ndiye aliyefunga bao la kisigino dhidi ya Nkana mwezi Desemba 2018 lililoipeleka Simba hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na bao la dakika za mwisho dhidi ya AS Vita miezi michache baadaye lililoivusha hadi robo fainali. Nguvu yake ni utulivu mahali penye msongamano na jicho la kuona pasi kabla wengine hawajaiona. Aziz Ki alikuwa ametoka kumaliza msimu wa 2023/24 akiwa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 21, kiungo aliyewapita washambuliaji, kwa mguu wa kushoto wenye nguvu kutoka mbali na kwenye mipira iliyokufa. Nani bora?

Mtu mwadilifu anaweza kushindwa kusema Chama ni bora, na pia kushindwa kusema Aziz Ki ni bora. Wengi hukimbilia kuhitimisha kwamba basi wako sawa. Wanafalsafa wana jaribio rahisi linaloonyesha kwamba hitimisho hilo si sahihi. Vitu viwili vikiwa sawa kabisa, kimoja kikiongezewa ubora kidogo, lazima kiwe bora kuliko cha pili, kama sarafu moja inavyoinamisha mizani iliyosimama sawa. Sasa achukuliwe Aziz Ki yule yule, aongezewe umakini kidogo tu wa pasi fupi. Je, aliyeshindwa kuamua awali sasa ataamua? La. Ataendelea kusita. Kwa hiyo usawa haukuwepo tangu mwanzo, na hapo maneno matatu ya kawaida, yaani bora, duni na sawa, yanaonekana kutotosha.

Mwanafalsafa Joseph Raz, katika kazi yake ya mwaka 1986 kuhusu maadili ya uhuru, alieleza hali hii kwa kusema vitu vya namna hiyo havilinganishiki. Mwanafalsafa mwingine, Ruth Chang, amepinga na kupendekeza uhusiano wa nne, ambao unaweza kuitwa kuwa sambamba: vitu viwili vinalinganishika, ila kwa namna isiyopangwa kwenye mstari mmoja wa juu na chini. Hoja ya Chang ina nguvu zaidi katika suala la viungo. Kila anayejua mpira anakubali kwamba Chama ni mbunifu kuliko kiungo wa kawaida wa daraja la chini, na Aziz Ki vivyo hivyo. Kama wote wawili wanalinganishika na yule wa tatu katika ubunifu ule ule, ni vigumu kudai kwamba wao kwa wao hawana kipimo kinachowaunganisha. Wako sambamba. Panapokuwa na usambamba sababu huwa hazimalizi kazi. Anayechagua humalizia kwa kuamua anataka kuwa nani. Klabu inayochagua utulivu au mashuti imeamua itacheza mpira wa namna gani.

Takwimu hazitoi njia ya kukwepa uamuzi huo. Ukichukua viungo watatu na vigezo vitatu, unaweza kupata duara. Wa kwanza anaongoza kwa kukaba, ni wa pili kwa pasi na wa mwisho kwa mabao. Wa pili anaongoza kwa pasi, ni wa pili kwa mabao na wa mwisho kwa kukaba. Wa tatu anaongoza kwa mabao, ni wa pili kwa kukaba na wa mwisho kwa pasi. Kwa kuhesabu vigezo vingi, wa pili anamshinda wa kwanza, wa tatu anamshinda wa pili, na wa kwanza anamshinda wa tatu. Mwanahisabati Condorcet aligundua duara la aina hii katika kura mwaka 1785. Anayetaka kulivunja lazima aseme kigezo kipi kina uzito zaidi, na uzito huo hautoki kwenye jedwali.

Wengi basi huiachia bei kazi ya mizani. Moisés Caicedo aliuzwa na Independiente del Valle ya Ekuador kwenda Brighton mwaka 2021 kwa ada iliyokadiriwa kuwa chini ya pauni milioni 5. Agosti 2023 Brighton na Liverpool walikubaliana pauni milioni 111. Alikuwa amekua sana, hilo ni kweli, lakini tofauti ile ilibeba pia miaka iliyobaki kwenye mkataba, umri, msimamo wa muuzaji na haraka ya wanunuzi wawili waliokuwa wakigombea mtu mmoja. Ada huonyesha ugumu wa kumtoa mchezaji alipo, na ubora wake ni sababu mojawapo tu.

Hapa swali linagusa dini na utu. Mwaka ule ule wa 1785 mwanafalsafa Kant aliandika kwamba chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine kinacholingana nacho, ilhali mtu ana hadhi isiyo na mbadala. Sheria ya Kiislamu hufika karibu na hapo kwa njia yake: mtu huru hauziki, na hadithi ya Mtume inamhesabu anayemuuza na kula thamani yake miongoni mwa watakaoshtakiwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe Siku ya Kiyama. Kinachoruhusiwa ni ijara, yaani kukodi kazi kwa ujira na muda unaojulikana. Uhamisho wa mchezaji, ukitazamwa vizuri, ni malipo ya kuvunja mkataba wa kazi na kuhamisha usajili. Caicedo alilithibitisha hilo kwa vitendo: bei ilipokwisha kukubaliwa, alikataa Liverpool na kuchagua Chelsea. Anayelinganishwa naye hulinganisha, na hili ndilo tetesi husahau kwanza zinapomzungumzia mtu kama mzigo wa bandarini. Agizo la Kurani la kuhakiki habari kabla ya kuitendea kazi linahusu pia habari za aina hii, kwa kuwa mchezaji aliyezushiwa kuondoka huzomewa uwanjani kwa jambo ambalo hajalitenda.

Ugumu wa mwisho ni wa wakati. Tetesi humlinganisha mchezaji aliyepo na mchezaji ambaye bado hayupo: yule wa klabu nyingine kama atakavyokuwa akija. Mwaka 1588 Luis de Molina, Mjesuiti wa Hispania, alifundisha kwamba Mungu anajua kile ambacho kila kiumbe huru angefanya katika kila hali, hata hali isiyotokea kamwe. Elimu ya itikadi ya Kiislamu nayo hufundisha kwamba Mungu anajua jambo ambalo halikuwa lingekuwaje kama lingekuwa. Wapinzani wa Molina walihoji kama kuna ukweli wowote wa kujulikana kuhusu uchaguzi huru ambao haukufanyika. Vyovyote vile, elimu hiyo haimo mikononi mwa skauti wala kocha.

Katikati ya mwaka 2024 Liverpool walimtaka Martín Zubimendi wa Real Sociedad awe namba sita wao. Alikataa, akabaki kwao. Kocha Arne Slot akampa kazi hiyo Ryan Gravenberch, ambaye msimu uliotangulia hakuwa na nafasi ya kudumu katika kikosi cha kwanza. Liverpool wakatwaa ubingwa, na Gravenberch akachaguliwa mchezaji bora kijana wa ligi. Wengi walisema kukosekana kwa Zubimendi kumegeuka kuwa heri, na kwa klabu neno hilo linaeleweka. Kama hukumu ya nani bora, halithibitishi chochote, kwa sababu upande mmoja wa ulinganisho ni msimu ambao haukuchezwa. Julai 2025 Zubimendi alijiunga na Arsenal, katika timu nyingine, chini ya kocha mwingine, akiwa na wenzake tofauti pembeni yake. Anachokifanya huko kinajibu swali la Arsenal. Lile la Liverpool la mwaka 2024 limebaki bila jibu.