Haki ya Paka na Mbwa Juu ya Mwenye Kuwaweka

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), pamoja na Aali zake na Masahaba wake.

Amma baad. Katika Sura ya Al-An-aam, aya ya 38, Mwenyezi Mungu (S.W.) ameeleza kuwa wanyama wa ardhini na ndege wa angani ni umma mbalimbali mfano wa wanaadamu, na kwamba wote watakusanywa kwa Mola wao. Kwa hiyo paka alalaye mlangoni si pambo la nyumba wala mchezo wa watoto. Ni kiumbe mwenye haki, na mwenye kumweka ataulizwa juu ya haki hiyo.

Mashuhuri katika mlango huu ni Hadithi ya mwanamke aliyestahiki adhabu kwa sababu ya paka, iliyopokewa na Ibn Umar na Abu Huraira. Mwanamke huyo alimfungia paka mpaka akafa. Hakumlisha wala hakumnywesha, wala hakumwachia akajitafutia wadudu wa ardhini. Izingatiwe kuwa Hadithi haikutaja kuwa alimpiga, wala kwamba alimtia sumu. Kosa lake ni kumzuia kiumbe asiifikie riziki yake, kisha yeye mwenyewe asiichukue dhima ya riziki hiyo.

Hapo ndipo penye mtihani kwa familia zilizoko Ghuba. Paka wa Unguja au Pemba aghlabu huwa nusu wa nyumba na nusu wa mtaa. Akipata mifupa ya samaki jikoni hula, na akikosa hupanda mapaa, akaenda sokoni, akakamata panya. Mwenye nyumba akisafiri, majirani humtupia tonge. Ama paka anayewekwa katika fleti ya ghorofa ya nne, Maskati au Dubai, yeye amefungiwa tangu siku aliyoingia. Hana panya wa kukamata, wala jirani amjuaye. Maji hayapati ila kwa mkono wa mwenye nyumba. Basi wajibu wa anayemweka paka huyu ni mzito zaidi, kwani mlango wa pili wa riziki umekwisha kufungwa.

Kisha hufika likizo ya joto, na familia husafiri kwa wiki sita au zaidi. Wako wanaomwachia paka sahani ya chakula kikavu na bakuli la maji, wakazima kiyoyozi ili bili ya umeme isipande, wakafunga madirisha. Nje joto hupita nyuzi 45. Bakuli likipinduka siku ya kwanza, hakuna wa kulijaza. Na la kustaajabisha ni kuwa nyumba hiyo hiyo huwa imetafutiwa mtu wa kuja kumwagia maji mauwa ya barazani!

Wengine humpakia paka katika gari wakamshusha karibu na soko la samaki, wakidai kuwa wamemwachia huru kama Hadithi ilivyotaka. Dai hilo halisimami. Aliyekusudiwa katika Hadithi ni paka awezaye kujitafutia. Aliyelelewa ndani tangu mdogo hajui kuwinda, haijui barabara, na hana nguvu mbele ya paka wenyeji wa mahali pale. Kumtupa huko ni kumwangamiza kwa njia nyingine. Anayesafiri amtafutie mtu mwaminifu wa kumjia kila siku, au ampeleke panapolipiwa utunzaji wake, na gharama hiyo ihesabiwe pamoja na tiketi. Asiyeiweza gharama hiyo asimchukue paka tangu mwanzo, hata watoto wakilia.

Na nafaka ya mnyama si chakula peke yake. Maradhi nayo yamo. Paka ana tabia ya kuficha maumivu, akajikunyata chini ya kitanda, nao watu wakadhani amelala tu. Paka dume anayekwenda mara kwa mara penye mchanga wake, akajikamua na mkojo usitoke, huenda njia yake imeziba, naye aweza kufa ndani ya siku chache. Huyo hangojewi mpaka kesho, hupelekwa kwa daktari wa wanyama saa hiyo hiyo. Wala asitibiwe kwa dawa za watu. Panadol, ambayo haikosekani nyumbani, ni sumu kwa paka. Ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja chaweza kumuua. Vilevile baadhi ya dawa za kupe na viroboto zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa humdhuru paka vibaya. Anayempa kwa nia njema bila ya kuuliza amemdhuru vilevile.

Ama mbwa, wengi hudhani kuwa hukumu ya najisi imemwondolea kila haki. Sivyo. Sharia imeamrisha chombo alichokitia ulimi kioshwe, na imekataza kumweka mbwa bila ya haja, ila kwa kuwinda, kulinda mifugo au shamba. Lakini Mtume (S.A.W.) huyo huyo ndiye aliyesimulia habari za mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa madhambi yake. Tahara inamtaka mtu aikoshe nguo yake. Haimpi ruhusa mtoto wake kumrushia mbwa mawe akitoka skuli. Na mwenye shamba au mbuzi aliyeweka mbwa wa kulinda, ni juu yake kumpa kivuli, maji na chanjo.

Chanjo ina umuhimu wake, kwani kichaa cha mbwa kikishadhihiri dalili zake kwa mtu, ni nadra mno kupona. Katika Oman maradhi haya hubebwa zaidi na mbweha wa porini, nao huwaambukiza mbwa, paka na mifugo. Katika Afrika Mashariki mwenye kuyaeneza zaidi ni mbwa. Mtoto aliyezoea paka wa nyumbani, akipelekwa likizo kwa babu yake, huweza kumshika mnyama yeyote amwonaye. Akiumwa au akiparuzwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali kwa ajili ya sindano siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo.

Limebaki suala la kumhasi paka, ambalo huulizwa sana kwa kuwa vitoto huzaliwa vingi kisha vikatupwa jaani. Maulamaa wamekhitilafiana. Wako waliolikataza kwa kuwa ni kubadilisha umbile, na wako walioliruhusu panapokuwa na maslaha na pasipokuwa na mateso. Mwenye kutaka kulifanya amuulize mwanachuoni anayemwamini. Ama kuvitupa vitoto, hilo halina khitilafu. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.