Buti la Kuruta: Utii, Utunzaji na Amana

Buti la mafunzo ya polisi ni kiatu kirefu cha ngozi kinachopita kifundo cha mguu, chenye soli nene ya mpira na kamba zinazobana hadi juu. Humkinga kuruta na mawe, miiba na maji wakati wa kwata, mbio za alfajiri na matembezi marefu. Pamoja na hayo hutumika kumlea. Kila afande anayekagua mstari wa makuruta huanza na macho chini, kwenye pua za mabuti, kabla hajapandisha uso kwenye vifungo na kofia. Desturi hiyo imebeba swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wamelijadili kwa karne nyingi kwa mifano mingine: je, usafi wa nje humjenga mtu ndani, au humfundisha tu kuonekana msafi?

Mkoa wa Morogoro una sababu zake za kulijali swali hilo. Mjini, chini ya milima ya Uluguru, kipo Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, na kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Jordan, kilichotokana na taasisi ya falsafa na teolojia ya Wasalvatoriani. Kusini zaidi, Kidatu, katikati ya mashamba ya miwa na chini ya milima ya Udzungwa, kuna chuo cha polisi. Hali ya nchi nayo huyajaribu mabuti kwelikweli. Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupokea pepo zenye mvua kutoka Bahari ya Hindi na hulowa muda mwingi wa mwaka, ilhali upande wa magharibi ni mkavu. Anayepanda kutoka mjini kuelekea Morningside au Bondwa wakati wa masika hukanyaga udongo mwekundu unaoteleza na kuganda chini ya soli hadi buti lizidi uzito wake maradufu.

Buti halikuwa na askari wa Waingereza katika Afrika Mashariki tangu mwanzo. Askari wa King's African Rifles, jeshi lao la kikoloni, walitembea peku au kwa makubazi kwa miaka mingi kabla ya Vita Kuu ya Pili, huku maofisa wao Wazungu wakivaa ngozi. Kwa hiyo kiatu kilipomfikia askari mweusi kilikuja na maana ya cheo na heshima, na pengine ndiyo sababu hadi leo king'ao chake hutazamwa kwa jicho kali kuliko uimara wake.

Katika kuchagua, jambo la kwanza ni namba. Anayepewa buti stoo hachagui aina, lakini namba anaweza kuikataa, na anayenyamaza kwa woga atalipa kwa malengelenge. Buti hujaribiwa jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo baada ya kutwa nzima, na hujaribiwa pamoja na soksi zilezile zitakazovaliwa uwanjani. Mbele ya kidole kirefu kibaki kiasi cha upana wa kidole gumba. Nyuma, kisigino kisipande na kushuka mtu anapotembea, kwa sababu msuguano huo ndio unaochuna ngozi. Upana husahaulika: wengi waliokua wakitembea peku au na kandambili wana nyayo pana kwa mbele, na huongeza urefu wa buti ili kupata upana wanaoutaka. Matokeo yake mguu huelea ndani na kisigino huchubuka vilevile.

Jambo la pili ni jinsi buti lilivyoungwa. Soli iliyoshonwa hudumu kuliko iliyogundishwa peke yake, na inaweza kubadilishwa na fundi. Ngozi halisi inayopumua hufaa kuliko ngozi bandia, ambayo hung'aa dukani na kupasuka kwenye mkunjo wa vidole baada ya wiki chache za kwata. Kuruta Mwislamu ana swali moja la ziada, yaani ngozi hiyo ni ya mnyama gani, kwa kuwa katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani na bara ya Afrika Mashariki, kudabagha husafisha ngozi ya mzoga lakini hakusafishi ya nguruwe wala ya mbwa. Kitambaa cha ndani cha baadhi ya viatu hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe, na muuzaji si lazima alijue hilo.

Morogoro yenyewe iliwahi kutoa somo ghali kuhusu kuchagua. Kiwanda cha Viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikiwa za kuuzwa Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo huo, na mwaka 1990 kilifungwa. Jengo lake lilikuwa na kuta za alumini na halikuwa na mfumo wa kupitisha hewa unaofaa joto la Tanzania. Waliolibuni walitazama kiwanda kinavyopaswa kuonekana, na mahali kitakaposimama pakapewa nafasi ya mwisho. Kosa hilohilo hufanywa na kuruta anayenunua buti kwa kuwa amelipenda likiwa rafuni.

Buti jipya halipelekwi uwanjani siku ya kwanza. Huvaliwa saa chache kila siku kwa wiki mbili au tatu, kwanza ndani, kisha njiani, hadi ngozi ikubali mkunjo wa mguu wa mwenyewe. Hakuna njia ya mkato. Wanaolilowesha na kulikausha juani ili lilainike hupata buti gumu zaidi, kwa sababu maji yakitoka kwa kasi huondoka na mafuta ya ngozi.

Matunzo ya kila siku hufuata mpangilio ambao mtu akishauzoea haumchukui muda. Matope huondolewa kwanza kwa kijiti na brashi ngumu, hasa kwenye mshono unaounganisha soli na ngozi, maana hapo mchanga hukata uzi kidogo kidogo. Kitambaa chenye unyevu hufuata. Kamba hulegezwa, ulimi huvutwa nje, na kitandiko cha ndani hutolewa ili jasho likauke. Buti lililolowa hujazwa magazeti makavu, yanayobadilishwa yakishalowa, na huwekwa kivulini penye upepo. Moto wa jikoni na bati lenye jua kali ni maadui: ngozi hukakamaa na kupasuka, na gundi huachia. Mwenye jozi mbili huzivaa kwa zamu, kila moja ipate siku ya kukauka. Bila hivyo, katika unyevu wa masika ya Uluguru, ukungu huota ndani ya buti na fangasi huota kati ya vidole.

Baada ya hapo ndipo kiwi huja. Tabaka jembamba hupakwa kwa kitambaa, huachwa likauke, kisha hupigwa brashi. Hiyo inatosha kuilinda ngozi. King'ao cha gwaride ni kazi nyingine. Kuruta huviringisha pamba kwenye kidole, huichovya kwenye tone la maji, huigusisha kwenye kiwi na kuzungusha viduara vidogo juu ya pua ya buti, tabaka juu ya tabaka, hadi nta izibe vitundu vya ngozi na sura ya mtu ianze kuonekana. Anayejua kazi yake huishia kwenye pua na kisigino, sehemu zisizokunjika. Akiipaka nta nene penye mkunjo wa vidole, hatua za kwanza za asubuhi huipasua, na mistari myeupe huonekana kwenye ngozi nyeusi kabla ukaguzi haujaanza.

Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, alishikilia kwamba mtu hupata wema kwa kutenda: anakuwa mwadilifu kwa kutenda haki, na shujaa kwa kutenda ya kishujaa, kama fundi anavyojifunza ufundi kwa kuufanya. Al-Ghazali, karne nyingi baadaye, alifundisha kuwa matendo ya viungo huacha athari moyoni, na moyo nao hurudisha athari kwenye viungo. Kwa hoja hizo, anayesugua buti kila usiku anajisugua mwenyewe. Lakini Al-Ghazali huyohuyo aliandika kwa ukali kuhusu riya, yaani kutenda jema ili watu waone, na Injili ya Mathayo, sura ya 23, inawakemea wanaosafisha kikombe kwa nje huku ndani kumejaa unyang'anyi. Mazoea hujenga kile kinachozoewa. Kuruta aliyezoea kung'arisha sehemu inayokaguliwa tu amejizoeza kukaguliwa.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba usafi wa nje hudanganya na wa ndani ndio wa kweli. Fikihi ya Kiislamu inazuia urahisi huo. Anayetawadha akiwa amevaa khofu, yaani kiatu cha ngozi kinachofunika mguu pamoja na vifundo, anaruhusiwa kupangusa juu yake kwa mkono wenye maji badala ya kuosha miguu. Masharti ni kwamba aivae baada ya kukamilisha udhu, iwe tohara, isipitishe maji kwa urahisi na iwezekane kutembelewa. Buti la polisi lililo tohara, likivaliwa baada ya udhu na kufungwa sawasawa, hutimiza masharti hayo. Muda wa ruhusa ni mchana na usiku mmoja kwa mkazi, na siku tatu na usiku wake kwa msafiri, ukihesabiwa kwa Mashafi tangu udhu unapotenguka mara ya kwanza baada ya kuvaa. Imepokewa katika mkusanyo wa Abu Daud kwamba Ali bin Abi Talib alieleza kuwa, kama dini ingeendeshwa kwa maoni, chini ya khofu pangestahili kupanguswa kuliko juu, lakini yeye alimwona Mtume akipangusa juu. Mashafi wanapendekeza chini pia papanguswe, ila anayepangusa chini peke yake hajatimiza kitu.

Maana yake ni nzito. Uchafu upo chini na kila mtu anajua, hata hivyo tendo limeelekezwa juu, kwa sababu tendo hilo halikukusudiwa kuondoa matope. Ni utii. Najisi iliyoko kwenye soli ina hukumu yake mbali, na kwa Mashafi huoshwa. Amri ya kuvua viatu aliyopewa Musa kwenye ardhi takatifu, katika Kutoka 3:5 na katika Sura Twaha aya ya 12, nayo haikutolewa kwa maelezo ya usafi.

Hivyo kuna wajibu wa aina mbili juu ya buti moja. King'ao cha pua ni utii: faida yake kwa ngozi ni ndogo, na thamani yake ni kwamba kuruta amekubali jambo aliloamriwa bila kudai sababu. Soli, mshono, soksi kavu na kucha zilizokatwa ni utunzaji, ambao una sababu na hupimwa kwa matokeo. Kosa rahisi kwa chuo cha kijeshi au cha kipolisi ni kuupima utunzaji kwa kipimo cha utii. Afande anayetazama pua bila kumwamuru kuruta ainue mguu amekagua nusu ya kazi. Kosa la upande wa pili, ambalo vijana wasomi hulipenda, ni kudai kila amri ijieleze kwa faida, na kuudharau ung'arishaji kwa kuwa haurefushi maisha ya buti.

Utii nao una mpaka wake, na Uluguru inaukumbuka. Julai 1955, Waluguru walipopinga amri ya serikali ya kikoloni ya kulima kwa matuta ya ngazi, polisi walipelekwa Matombo na mtu mmoja akauawa. Hakuna kumbukumbu ya mabuti ya siku hiyo inayohitajika ili kujua kwamba pua inayong'aa haisemi lolote kuhusu haki ya amri iliyomleta aliyeyavaa.

Tofauti ya aina hizo mbili za wajibu hutatua pia maswali madogo ya kila siku. Ruhusa ya kupangusa haimlazimishi kuruta kukaa na buti mguuni saa 24; mguu unaohitaji hewa upewe hewa, na udhu unaofuata uoshe miguu. Akiwa uwanjani anaweza kuswali na buti lake likiwa tohara. Akiingia msikitini atalivua kwa adabu ya mahali, na kwa Mashafi, akilivua baada ya kulipangusa, ruhusa imekatika: huosha miguu ndipo aswali.

Linabaki suala la mwenye mali. Buti la stoo ni la serikali, na aliyelivaa ni mwenye dhamana. Wanazuoni wa fikihi hutenganisha uharibifu unaotokana na matumizi yaliyoruhusiwa na ule unaotokana na uzembe. Soli iliyolika kwa kwata si deni la kuruta, na kamba iliyokatika milimani si deni lake pia. Ngozi iliyopasuka kwa sababu ilianikwa karibu na jiko ni deni, hata kama stoo haikuuliza na hata kama pua yake bado inang'aa. Kwa upande wake, serikali iliyompa kijana namba isiyo yake haiwezi kumdai kisigino kilichokanyagwa na kupondeka kwa sababu mguu haukuingia.