Elimu ya Mzazi na Haki ya Mwana

Ndugu zetu Waislamu,

Chuo kilichoanza kusomesha vijana wa Kiislamu Tudor mwaka 1951, tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Lakini mama wa Mji wa Kale akitaka kwenda kusoma, huambiwa wakati wake umempita. Neno hili halina msingi: Masahaba wengi walijifunza dini wakiwa watu wazima, wenye wana.

Hata hivyo, elimu haiondoi haki ya mwana. Abdallah bin Amr alipozama katika ibada, Mtume (S.A.W.) alimkumbusha haki ya mwili wake na ya watu wa nyumbani mwake. Ikiwa ibada haikuziondoa haki hizo, mtihani utaziondoaje?

Basi mzigo huu ni wa nani? Si wa mama peke yake. Mtume mwenyewe aliwatumikia watu wa nyumbani mwake. Ewe mume ukaaye barazani hadi usiku, hali mkeo amempakata mwana na kitabu ki mkononi, jua kuwa nawe utaulizwa. Baada ya Magharibi mchukue mwanao, umsomeshe Juzuu Amma, naye mamake apate kusoma.

Wabillahi taufiki.