Imani, Theluji na Kimya cha Kundi

Soma Mathayo 4:5–7, Mithali 22:3, Ezekieli 33:1–6, Luka 13:4, 5.

Shetani alipomsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, hakumwambia aache kumwamini Mungu. Alimtaka aitumie imani kama sababu ya kujitupa chini. Yesu alikataa. Kumtumaini Mungu ni jambo moja, kumjaribu ni jambo jingine, ingawa kwa macho ya watu mambo hayo huweza kufanana. Je, mwamini atayatofautishaje?

Milima yenye theluji ya Ulaya na Marekani inatoa funzo. Theluji mpya inapoanguka kwa wingi, mteremko hupendeza sana. Lakini chini yake huenda kuna tabaka dhaifu lisiloonekana. Theluji ya juu ikishikana, huwa kama bamba lililolazwa juu ya mchanga. Uzito wa mtu mmoja unaweza kulivunja, na mteremko mzima ukaporomoka. Hatari huwa kubwa hasa wakati wa dhoruba na siku moja au mbili baada yake, kwenye miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45. Katika ajali nyingi zinazoua, maporomoko huanzishwa na mhanga mwenyewe au mwenzake.

Wasafiri hao hawakosi walinzi. Tangu mwaka 1993 nchi za Ulaya hutumia kipimo kimoja cha hatari chenye ngazi 5. Jambo la kushangaza ni kwamba vifo vingi hutokea katika ngazi ya 3, si ya 5. Hatari ikiwa kuu kabisa, watu hubaki nyumbani. Ikiwa ya kati, hujiambia, "Labda tutapita." Dhambi nyingi pia huingia kwa mlango huo wa "labda".

Mwenye busara husoma taarifa ya siku hiyo. Hubeba kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa, ufito wa kuchomea theluji na koleo. Mahali pa mashaka, kundi huvuka mmoja mmoja huku wengine wakimtazama kutoka mahali salama. Aliyefukiwa asipotolewa katika robo saa ya kwanza, tumaini la kumpata hai hupungua upesi. Kwa hiyo mwokozi wake kwa kawaida ni yule aliyesafiri naye.

Tarehe 19 Februari 2012, kundi la watelezaji wa theluji, wengi wao wazoefu, lilishuka Tunnel Creek katika jimbo la Washington, Marekani. Maporomoko yaliua watu watatu. Baadaye baadhi ya walionusurika walikiri kwamba walikuwa na wasiwasi kabla ya kushuka, lakini hawakuusema. Ni rahisi kuelewa sababu. Mbele ya wajuzi wengi, kila mmoja hujiuliza, "Mimi ni nani hata niwazuie?"

Hapa ndipo swali la dhamiri lilipo. Mlinzi wa Ezekieli hakuulizwa kama alikuwa mjuzi kuliko wengine. Aliulizwa kama alipiga tarumbeta. Anayenyamaza ili asiharibu furaha ya wenzake huona kwamba anawapenda, kumbe anajilinda asichekwe. Na kundi linalomcheka mwenye hofu nalo lina hatia, kwa kuwa limeifunga tarumbeta kabla haijalia. Ndiyo maana wasafiri wengi wa milimani hukubaliana mapema kwamba sauti moja inatosha kuwarudisha wote, bila lawama.

Hata hivyo, hatuna ruhusa ya kuwahukumu waliokufa. Yesu alikataa kusema kwamba wale walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wakosaji kuliko wengine. Aliwageuzia swali waliokuwa hai.

Ombi la kabla ya safari halichukui nafasi ya kuitazama njia. Mungu anayesikia ombi ndiye pia aliyetupa macho, maarifa, na ndugu mwenye wasiwasi anayetembea kando yetu.

Maswali ya Kujadili

1. Ni lini ulinyamaza ukiona hatari, na ni nani angeweza kuumia?

2. Je, darasa lenu au kamati ya kanisa lenu humsikiliza mtu mmoja anayesema, "Tusimame kwanza"? Mfanye nini ili asiogope kusema?

3. Utajuaje kwamba uamuzi unaouita imani si kumjaribu Bwana?